Toyota IST (injini 1NZ) inazima kwenye foleni, mashine ya kupimia gari inasoma kodi ya hitilafu P0340. Sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) imebadilishwa, kodi imerudi. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) kweli?

#1 Mkazi wa Kimara
Habari wakuu.
IST ya 2004, injini 1NZ-FE. Asubuhi inawaka bila shida. Ikishapata moto, hasa kwenye foleni ya Ubungo kupanda Kimara, inazima ghafla. Haimisi, haitetemeki, inakata tu. Ukipiga stata inazunguka bila kushika. Ukiiacha boneti wazi kama nusu saa, inawaka. Siku ambazo haizimi, inachelewa kuwaka ikiwa ya moto.
Mashine inasoma P0340 peke yake. Imewekwa sensa nyingine ya kamshafti, yuzdi. Taa ikazima kidogo, kisha ikarudi na kodi ileile. Sasa fundi anataka kontroli boksi nyingine. Kabla hela haijatoka, naomba wenye ujuzi waseme.

#2 Spana Kumi
Boksi liache kwanza. P0340 inasema kompyuta haipati ishara ya kamshafti inavyotakiwa. Kosa linaweza kuwa la sensa, soketi, waya au boksi lenyewe, na kodi haichagui.

Kwa 1NZ sensa iko mwisho wa silinda hedi, upande wa gia boksi, imeshikwa na bolti moja ya namba 10. Toa boksi la chujio cha hewa upate nafasi. Chomoa soketi, utaona pini mbili tu. Mita iweke kwenye ohm, skeli ya 20k, pima pini kwa pini. Ikiwa baridi isome kati ya 1,630 na 2,740. Ikipita nyuzi 50 isome kati ya 2,065 na 3,225. Isiposoma kabisa, koili ya ndani imekatika. Kisha pima pini moja na chuma cha injini: hapo isisome chochote.

Kwako wewe cha maana ni kupima palepale ilipozima, ikiwa ya moto. Koili yenye ufa inaachana ikipanuka na inashikana ikipoa. Fundi akipima asubuhi atasema sensa nzima, na hajadanganya.

#3 Mtoto wa Mjini 255
Uza, panda mwendokasi. Kimara kituo kipo.

#4 Dada Fyuzi
#2 vipimo vyako ni sahihi, ila kuna kitu kwenye maelezo ya mleta mada hakikai.

Kamshafti ikipotea injini ikiwa inazunguka, Toyota nyingi haizimi. Kompyuta inaendelea na ishara ya krankshafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni), inawasha taa, inaacha kucheza na VVT-i (mfumo unaobadili muda wa valvu), gari inakuwa nzito. Shida inatokea ukiizima na kuiwasha tena: kompyuta haijui silinda ya kwanza inabana au inatoa moshi, hivyo unapiga stata ndefu. Gari inayokata ghafla bila kumisi ina tabia ya krankshafti, au ya umeme wa EFI (mfumo wa kupuliza mafuta), au ya pampu ya mafuta.

Ikizima tena usikimbilie sensa. Chomeka mashine, mtu apige stata, wewe angalia RPM (mizunguko ya injini kwa dakika). Ikisoma 200 hivi, krankshafti inaongea. Ikikaa sifuri huku injini inazunguka, kamshafti unaionea bure. Ya krankshafti iko chini upande wa puli, nayo ina pini mbili: baridi 985 hadi 1,600 ohm, moto 1,265 hadi 1,890. Na kama una geji ya mafuta, presha ya 1NZ ni kPa 304 hadi 343. Ukiikuta ya kutosha wakati imezima, pampu haihusiki.

#5 Kijana wa Gerezani
Mleta mada, hiyo yuzdi ulinunua kwa macho au kwa namba?

Nauliza kwa sababu mezani zinafanana. Sensa za Toyota za aina hii namba yake huanza na 90919, imeandikwa kwenye mwili wake. Namba nzima ndiyo inayokuambia ni ya wapi. Ukichukua kwa kufananisha soketi tu, unaweza kupata yenye ncha fupi kwa milimita moja. Inaingia, bolti inafunga, injini inawaka, lakini ishara ni dhaifu. Ikipata moto ukinzani wa koili unapanda, ishara inazidi kunywea, kodi inarudi.

Feki mpya ni balaa zaidi. Ishike karibu na spana: sumaku ya orijino inavuta kwa nguvu, ya feki inagusa kwa aibu. Tazama mshono wa plastiki, tazama oringi kama inacheza. Na beba mita yako, pima dukani kabla hujalipa, maana maduka mengi kitu cha umeme kikishatoka hakirudi.

#6 Ngosha wa Temeke
Hapo #5 umegusa penyewe. Mimi naongeza: ukishafunga rekebisha nafasi kati ya sensa na meno. Weka washa nyembamba chini ya sensa, kile kipete cha bati, mpaka ishara ikae vizuri.

#7 Spana Kumi
> Ngosha wa Temeke alisema: weka washa nyembamba chini ya sensa

Hapana mkuu. Kwenye 1NZ nafasi hiyo hairekebishwi, imeamuliwa na kiwanda. Washa inaiondoa sensa mbali na meno na kuua ishara. Hata gundi ya gasketi ambayo mafundi wanapenda kupaka ni kosa hilohilo. Inayozuia oili ni oringi. Ipake oili safi ya injini, sukuma sensa kwa kuizungusha kidogo kidogo mpaka ikae bapa, ndipo ufunge bolti Nm 8. Hiyo ni nguvu ya kiganja na spana fupi. Ukiona unavuta bolti ili sensa ishuke, simama, utapasua sikio lake.

Kutoa pia ni kwa kuzungusha. Usiichokonoe na bisibisi, plastiki imekaa kwenye joto miaka 20 na ncha itabaki ndani. Ikitoka, futa ncha yake: ikiwa na unga wa chuma, sumaku imekusanya chembe kutoka kwenye oili. Chembe hizo peke yake zinaharibu ishara, na zinakuambia kuna kitu kinasagika.

#8 Ngosha wa Temeke
Sawa, nimeelewa. Washa ilikuwa ya distribyuta za zamani.

#9 Waya Tupu
Mnazunguka sensa wakati ugonjwa uko kwenye nyaya. Hebu tuangalie mzunguko wenyewe.

Kamshafti ya 1NZ ina nyaya mbili. Mmoja unakwenda pini ya G2 kwenye boksi. Wa pili unarudi pini ya NE-. Krankshafti nayo ina NE+ yake, lakini waya wake wa kurudi ni huohuo NE-. Nyaya mbili za kurudi zinaungana njiani kabla ya kufika kwenye boksi. Sasa fikirieni: waya ukikatika kabla ya muungano upande wa kamshafti, unapoteza kamshafti peke yake na unapata P0340. Ukilegea baada ya muungano, zote mbili zinapotea, injini inakata, RPM sifuri. Muungano mmoja mbovu unaweza kukupa zote mbili kwa zamu, ndiyo maana gari hii leo inazima na kesho inachelewa tu kuwaka. Hapo #4 ana haki kwamba kamshafti pekee haizimi gari, na mleta mada naye hajasema uongo.

Namna ya kupima: toa terminali ya betri, chomoa soketi ya sensa na soketi ya boksi. Mita kwenye ohm, pima waya mmoja mmoja kutoka mwisho hadi mwisho. Isizidi ohm 1. Huku unapima, mwenzako auvute, aukunje, autikise kitita cha nyaya kutoka kwenye sensa kuelekea kwenye boksi. Namba ikiruka, umefika. Halafu pima kila waya na bodi: ohm 10,000 au zaidi, chini ya hapo kuna shoti.

Nyaya hizi zimesokotwa na kuvikwa wavu wa kuzuia mawimbi. Wavu unaunganishwa na ethi (hasi ya bodi) upande mmoja tu. Fundi akikata, akaunga kwa kukunja na tepu nyeusi, akauacha wavu ukining'inia, gari itasoma kelele za koili za plagi kama ishara. Kuunga ni kwa solda na mpira wa kusinyaa kwa moto, wavu urudishwe. Na usibadilishane nyaya mbili za sensa ya sumaku. Itatoa ishara iliyogeuka juu chini, kompyuta itaiona imechelewa, na utaanza kusumbuana na P0341, kodi ya ishara isiyoendana.

#10 Tabata Kisiwani
Naunga mkono #9 na naongeza sababu za hapa kwetu. Kuosha injini kwa presha. Maji yanaingia kwenye soketi ambayo mpira wake umeshakauka, pini inaota kutu ya kijani. Hewa ya bahari inamalizia. Gari zilizopita maji ya Jangwani masika ndiyo usiseme. Na oili: tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini) likivuja, oili inatiririka hadi kwenye soketi, inalainisha mpira, maji yanapata njia.

Fungua soketi uangalie kwa tochi. Pini za kike zikiwa zimepanuka, chukua sindano uzibane kwa ndani taratibu. Safisha kwa kontakti klina, puliza na kompresa, paka grisi ya umeme kidogo kwenye mpira. Panya nao msiwasahau, wanapenda nyaya zilizo karibu na joto la injini.

#11 Mtoto wa Mjini 255
Panya wa Tabata wana gereji yao.

#12 Volti Kumi na Nne
Mmepita juu ya betri na alteneta kana kwamba haviko ndani ya gari.

Ishara ya sensa ya sumaku inategemea mwendo. Stata ikizunguka kivivu, ishara inakuwa ndogo. Betri ikishuka chini ya volti 9.6 wakati wa stata, kompyuta yenyewe inaanza kuyumba na kuandika kodi za sensa ambazo hazina kosa. Gari ya moto ikichelewa kuwaka, pima hapo kwanza.

Alteneta ikiwa na dayodi mbovu inatoa umeme wenye mawimbi. Weka mita kwenye AC, pima juu ya betri injini ikiwa sailensa (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), taa kubwa na feni ya kiyoyozi zikiwa zimewashwa. Ikipita volti 0.5, dayodi imekufa. Kwenye DC isome 13.5 hadi 14.5. Kwenye foleni alteneta ina moto, injini iko chini, kiyoyozi kinafanya kazi, feni ya rejeta inafanya kazi. Mazingira yote ya kuzima ya mleta mada ndiyo mazingira ya alteneta kuonyesha ubovu wake.

Ethi ya injini nayo ipimwe chini ya mzigo: mita kwenye DC, waya mmoja kwenye hasi ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini, piga stata. Ikipita volti 0.3, ethi ina kutu.

#13 Cheni na Mkanda
Na mimi nitie langu. Kuna watu wanabadilisha sensa mbili tatu huku cheni ya taimingi imerefuka. 1NZ ina cheni. Oili ikicheleweshwa, cheni inalegea na tenshena (kikaza cheni) inaishiwa. Gurudumu la meno kwenye kamshafti lina meno matatu, la krankshafti lina 34 na pengo la mawili. Kompyuta inalinganisha hayo mawili. Yakipishana, kodi.

#14 Dada Fyuzi
> Cheni na Mkanda alisema: yakipishana, kodi

Kodi ndiyo, ila siyo hii. Cheni iliyorefuka kwa kawaida inaleta P0016 (kamshafti na krankshafti hazilingani), au P0341. P0340 ni mzunguko wa umeme. Na cheni haijirudishi ikipoa nusu saa.

#15 Cheni na Mkanda
Haijirudishi, lakini oili ya moto ni nyepesi na presha yake inashuka. Tenshena ya 1NZ inasukumwa na oili. Sikiliza injini ikiwaka asubuhi: mlio wa kugonga upande wa cheni kwa sekunde chache za mwanzo ndio ushahidi. Sikatai yaliyosemwa juu. Nasema asifunge mlango huo. Aangalie oili, 1NZ inachukua lita 3.7 ukibadilisha na filta, na atoe valvu ya oili ya VVT-i asafishe kichujio chake. Ukinzani wa valvu hiyo ni ohm 6.9 hadi 7.9.

#16 Dada Fyuzi
Valvu hiyo ikikwama utapata P0011 na sailensa mbaya. Kaka, umeifungua injini nzima kwa kodi ya waya mmoja.

#17 Mkazi wa Kimara
Ahsanteni sana wakuu. Mrejesho.
Sensa ya kamshafti: baridi 2,240. Ya moto, dakika chache baada ya kuzima, 2,710.
Krankshafti: baridi 1,180. Ya moto sijaweza kuifikia barabarani.
RPM wakati imezima na stata inazunguka: mara sifuri, mara 210. Zote siku hiyohiyo.
Betri: imelala volti 12.3, stata 9.4, ikiwaka 14.1. AC juu ya betri 0.08.
Soketi ya kamshafti ina oili ndani.

#18 Waya Tupu
RPM mara sifuri mara 210, imekwisha hiyo. Sensa iliyokatika haibadili mawazo dakika kwa dakika. Ni waya.

#19 Spana Kumi
Haijaisha. Koili ya krankshafti yenye ufa inafanya hivyohivyo. Ya kamshafti imefaulu moto na baridi, hilo nakubali. Ya krankshafti kaipima baridi tu.

#20 Volti Kumi na Nne
Na stata volti 9.4 nani kaisoma? Au tumeamua betri haizungumzwi?
Alteneta naitoa kwenye orodha, 0.08 ni safi.

#21 Kijana wa Gerezani
Ukinzani kufaulu haina maana sensa nzima. Sumaku ikichoka, koili inabaki na ohm zilezile na ishara hakuna. Mita ya ohm haioni sumaku.

#22 Ngosha wa Temeke
Basi apime ishara yenyewe kwenye AC volti akipiga stata. Si inatoa umeme?

#23 Waya Tupu
Inatoa, ila kwa kamshafti mita ya kawaida itakudanganya. Stata inazungusha krankshafti mara 200 kwa dakika, kamshafti mara 100. Meno matatu, hivyo ni mapigo 5 kwa sekunde. Mita nyingi za bei ya chini kwenye AC zimetengenezwa kwa umeme wa nyumbani, Hz 50. Mapigo 5 itayasoma kama takataka, namba inarukaruka. Kwa krankshafti yenye meno 34 mita inaweza kukupa namba ya kuaminika kidogo. Kwa kamshafti tafuta fundi mwenye osiloskopu (mashine inayochora ishara ya umeme), hata ile ndogo ya mkononi. Chomeka kwenye G2 na NE-, piga stata. Unataka vilima vitatu vinavyofanana kwa mzunguko mmoja wa kamshafti. Kilima kimoja kikiwa kifupi, jino au nafasi. Vyote vikiwa vifupi, sumaku au umbali. Vikikatika katikati, waya.

#24 Bibie wa Sinza
Samahani kuingilia. Mashine yangu ya bluututhi haiungani na Vitz ya Japan kabisa. Nisome kodi vipi?

#25 Dada Fyuzi
Gari nyingi za soko la Japan za miaka hiyo hazifuati lugha ile ya mashine ndogo. Tumia taa ya dashibodi. Kwenye soketi ya mashine chini ya usukani, unganisha tundu la 4 na la 13 kwa waya mfupi, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini ikipepesa haraka na sawasawa, hakuna kodi. Ikipepesa mara moja, ikatulia, ikapepesa mara mbili, ni 12: ishara ya kamshafti au krankshafti haipo wakati wa stata. Moja kisha tatu ni 13: ishara ya RPM imepotea injini ikiwa inafanya kazi.
Tundu la 4 liko safu ya juu, la 13 safu ya chini. La 16, la mwisho chini, lina umeme wa betri muda wote. Ukilikosea na kuligusisha na la 4 utachoma fyuzi kama una bahati.

#26 Bibie wa Sinza
Imesoma. Ni kodi ya sensa ya hewa, si ya kwenu 😂 Nashukuru dada.

#27 X-Trail wa Mbezi
Wakuu, Nissan X-Trail ya injini QR20 nayo P0340. Nimepima sensa ohm kama #2 alivyoelekeza, haisomi kitu. Nimeshaagiza nyingine.

#28 Spana Kumi
Sitisha oda kama bado inawezekana. Vipimo vyangu ni vya sensa ya sumaku yenye nyaya mbili. QR ina nyaya tatu, ndani kuna saketi ya elektroniki. Hiyo haihukumiwi kwa ohm hizo. Unapata namba isiyo na maana, na baadhi ya mita zinaweza kuidhuru.

Kwa nyaya tatu: soketi ikiwa imechomolewa na swichi imewashwa, tafuta waya wenye umeme. Nissan hii inapewa umeme wa betri, karibu volti 12. Toyota za 2ZR-FE kwenye kina Axio na Allion zina nyaya tatu pia lakini umeme wake ni volti 5, usishtuke. Waya wa ethi uupime kutoka chanya ya betri, usome volti ileile ya betri. Kisha rudisha soketi, ingiza sindano nyembamba nyuma yake kwenye waya wa ishara, zungusha injini kwa spana kwenye puli taratibu. Volti iruke kati ya karibu 0 na karibu 5. Ikikaa mahali pamoja huku umeme na ethi vipo, ndipo ununue.

#29 Kijana wa Gerezani
Na kwa Nissan nunua ya krankshafti pamoja. Zinachoka karibu wakati mmoja. Mwaka 2003 Nissan yenyewe iliita yarudi magari ya injini za QG18 na QR25 kule Marekani kwa ajili ya sensa ya krankshafti, ilikuwa inakatisha ishara na kuzima injini.

#30 Waya Tupu
Kijana wa Gerezani anauza mbili mbili sasa.

#31 Kijana wa Gerezani
Biashara ni biashara mzee. Ila nilichosema ni kweli.

#32 Crown Nyeupe
Crown GRS180, injini 4GR. P0340. Hii ina sensa nne za kamshafti, nianze wapi?

#33 Dada Fyuzi
Wewe una bahati, V6 (silinda sita katika pande mbili) inajipima yenyewe. P0340 ni kamshafti ya kuingiza hewa, upande wa kwanza. Chukua sensa ya kuingiza ya upande wa pili, zibadilishane. Futa kodi, endesha. Kodi ikihama na kuwa P0345, sensa ni mbovu. Ikibaki P0340, sensa nzima, fuata waya. P0365 na P0390 ni za upande wa kutoa moshi, hizo ziache. Kufuta kodi bila mashine, toa fyuzi ya EFI kwa dakika moja au zaidi.

#34 Mkazi wa Kimara
Mrejesho wa pili. Nyaya zimefunguliwa kuanzia kwenye soketi. Karibu na sahani ya betri kumekutwa kiungo cha zamani: nyaya mbili zimekunjwa kwa mkono na kufungwa tepu, wavu umekatwa. Kimeungwa upya kwa solda, wavu umerudishwa. Soketi imesafishwa, tapeti kava limewekwa gasketi mpya. Betri nayo imebadilishwa siku hiyohiyo, stata sasa haishuki chini ya 10.6.
Tangu hapo haijazima na taa haijawaka. Foleni ya Ubungo imepita nayo, kiyoyozi kimewashwa.

#35 Waya Tupu
Nilisema.

#36 Volti Kumi na Nne
Ulisema nini? Betri mpya imo humo.

#37 Spana Kumi
Na krankshafti ya moto haijapimwa mpaka leo. Kiungo cha tepu kinaweza kuwa kimekaa hapo miaka na gari ikitembea.

#38 Dada Fyuzi
Mleta mada umetuharibia ushahidi. Vitu vinne kwa mpigo, sasa hakuna wa kumkatalia mwenzake. Kama una moyo, rudisha betri ya zamani wiki moja uone. Ikitulia, #9 alikuwa na haki. Ikizima, #12.

#39 Mkazi wa Kimara
Dada, moyo huo sina 😂 Betri ya zamani imeshakwenda kwa wa vyuma chakavu.

#40 Cheni na Mkanda
Mlio wa asubuhi upo au haupo?

#41 Mkazi wa Kimara
Upo kidogo. Sekunde mbili.

#42 Cheni na Mkanda
Haya.

#43 Crown Nyeupe
Nimebadilishana kama #33 alivyosema. Kodi imehama, sasa inasoma P0345. Kwa hiyo ni sensa. Kijana wa Gerezani, nikutumie picha unitafutie?

#44 Kijana wa Gerezani
Picha haionyeshi urefu wa ncha. Njoo nayo mkononi, na mita yako kwa ajili ya soketi ya gari. Hiyo ni ya nyaya tatu, tutailinganisha kwa namba, siyo kwa ohm. Jumamosi uje mapema, mchana hakuna pa kuegesha.